Maskini wa Alhamisi

Msinitafutie nchi hii kwenye ramani, kwa sababu mchora ramani alipofika mpakani aliambiwa asubiri kibali, na mpaka leo amekaa kwenye benchi. Ninachojua mimi ni kwamba ipo, ina watu, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na moja, na kwamba umaskini ulifutwa huko siku ya Jumatano.

Ulifutwa kwa tangazo. Waziri wa Umaskini na Uhusiano Mwema alisimama bungeni, akasoma karatasi moja, akasema kuanzia saa kumi jioni hakuna raia atakayekuwa maskini bila idhini ya maandishi. Watu wakapiga makofi, wengine kwa furaha na wengine kwa sababu askari alikuwa anawaangalia mikono. Lakini kufikia Jumatatu wafadhili walikuwa wameshapiga simu kuuliza: kama umaskini umekwisha, sisi tuje kufanya nini? Serikali ikaiona hatari iliyo mbele yake. Jumanne ikatoka kanuni ndogo, kwamba kila wilaya iruhusiwe kubaki na maskini mia tatu wenye vitambulisho vya picha, ili wageni wanaokuja kusaidia wasirudi na mizigo yao. Raia wengine wote waliamriwa kuwa na maisha ya kati.

Katika wilaya ninayoisimulia, maskini walikuwa mia tatu kamili, na mashirika ya kuwasaidia yalikuwa mia nne na kumi na mawili. Ndiko alikoanzia kazi binti mmoja aliyeitwa Semeni.

*

Semeni alikuwa amemaliza chuo miaka sita iliyopita, na shahada ya maendeleo ya jamii, na tangu hapo jamii haikuwahi kumwita. Alituma barua za maombi mpaka karani wa posta akawa anamuuliza hali za nyumbani kama ndugu. Akaomba hata kujitolea bure, akaambiwa nafasi ya kujitolea inataka uzoefu wa miaka mitano wa kujitolea. Wenzake walishaoa na kuolewa, mmoja alishakuwa mbunge na kufukuzwa. Yeye alikuwa kwa mama yake, Mtaa wa Mianzini, akisaidia kupika vitumbua alfajiri, na kukishakucha vizuri anajifungia ndani ili wateja wasimuulize shahada inaendeleaje.

Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Semeni, hakuwahi kumsimanga. Alikuwa mjane aliyesomesha mtoto kwa vitumbua, akaezeka bati kwa vitumbua, akasakafia nyumba kwa vitumbua, na sakafu hiyo aliipiga deki mara mbili kwa siku. Alikuwa pia mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha kusaidiana kwenye misiba. Kwa kipimo cha Wizara alikuwa mtu wa maisha ya kati, na kwa kipimo chake mwenyewe alikuwa mtu aliyebakiza jambo moja tu, kumwona Semeni ana kazi.

Hatimaye Semeni akaitwa kwenye usaili, na Shirika la Kuwainua Wanyonge Polepole. Mkurugenzi wake, Daktari Pontiani Makwega, alikuwa daktari wa kitu ambacho hakuna aliyethubutu kukiuliza. Walikaa watu saba upande mmoja wa meza, na Semeni peke yake upande wa pili.

"Binti, unawapenda wanyonge?" aliuliza Daktari Makwega.

"Nawapenda, mheshimiwa."

"Kwa asilimia ngapi?"

Semeni alifikiri. Mia aliona ni kujikweza. "Tisini na tatu," akasema.

Wajumbe wote saba wakaandika. Kisha wakamtaka alie, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jaribio la vitendo: dakika mbili, machozi ya macho yote mawili, bila kelele. Waombaji waliotangulia walikuwa wameshindwa, na mmoja aliyekuja na kitunguu mfukoni alifukuzwa kwa kukosa maadili. Semeni aliikumbuka ile miaka sita. Machozi yakaja ndani ya sekunde kumi, na dakika mbili zilipokwisha akashindwa kunyamaza, ikabidi wajumbe waende kunywa chai ndipo warudi.

"Huyu ana kipaji," alisema Daktari Makwega. Semeni akapewa kitambulisho chenye utepe wa kuning'iniza shingoni na cheo cha Afisa Ushuhuda wa Majaribio. Jioni ile mama yake, ambaye alikuwa na chumvi ya kutosha, alipita nyumba kwa nyumba akiomba chumvi, apate tu pa kuanzia mazungumzo.

*

Kazi ya Afisa Ushuhuda haikuwa ngumu kuieleza. Alitakiwa kutafuta maskini mmoja, aandike habari zake, kisha amweke mbele ya wageni aziseme. Wageni walikuwa wanakuja Alhamisi. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi Semeni alikwenda kwa Mzee Likwata, maskini namba kumi na saba kwenye orodha ya wilaya, mtu mwenye sifa nzuri kazini. Alimkuta amekaa kizingitini, kalamu sikioni, daftari mapajani.

"Alhamisi?" Mzee akalamba kidole, akafungua ukurasa. "Alhamisi asubuhi mimi ni mhanga wa mafuriko. Saa sita ni mkulima wa mfano. Saa tisa nina semina ya kujitambua, na hiyo siiachi, kuna soda."

"Hata nusu saa, babu?"

"Mjukuu wangu, ungekuja mwezi wa tatu. Sasa hivi watu wa kichocho wamenichukua mpaka Desemba." Akamtazama Semeni kwa huruma ya kweli, ile isiyolipiwa. "Mbona wewe mwenyewe unaonekana hujala?"

Semeni alizunguka siku mbili. Kila maskini aliyemfikia alikuwa na miadi. Mama mmoja mwenye mapacha alimwambia angeweza kumpatia pacha mmoja, maana mwingine alishachukuliwa na mradi wa lishe. Jumanne mchana akarudi ofisini mikono mitupu, miguu imejaa vumbi, akasimama mbele ya meza ya mkurugenzi.

"Hapatikani?" alisema Daktari Makwega. "Binti, shirika bila maskini ni nini? Ni jengo. Tena la kupanga." Akavuta droo, akatoa karatasi, akailaza mezani taratibu kama anayemlaza mtoto. "Huu ni mkataba wako wa kudumu. Alhamisi wageni wakiondoka wamelia, nausaini papo hapo. Wakiondoka wamekauka macho, tunatangaza nafasi upya, na waombaji, sikufichi, ni elfu nne." Akaegemea mbele. "Kwani huko kwenu hakuna mtu?"

Semeni akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Yupo mama mmoja. Mjane. Anapika vitumbua."

Hakusema ni mama wa nani. Hapo ndipo aibu ilipoanza kumwingia, na sitamsingizia kwamba aliipigania. Aliikaribisha kwa adabu, akaiambia ikae pembeni mpaka mkataba usainiwe.

Jioni alimkuta mama yake analoweka mchele. "Mama," akasema, "Alhamisi wageni wa ofisini watakuja kukuona."

Mama yake akatoa mikono majini. "Kuniona mimi?"

"Wewe, mama."

"Kwa hiyo wameulizana," alisema Mama Semeni polepole, "huyu binti kalelewa na nani."

Semeni alikuwa na sentensi nzima mdomoni ya kumweleza. Akaimeza. Alikuwa na Jumanne usiku na Jumatano kutwa za kuisema, akazitumia zote kunyamaza.

*

Nchi ile wana desturi moja, na nimesikia haiko kwao peke yao: mgeni akija, mwenyeji hutoa alicho nacho na asichokuwa nacho. Alhamisi asubuhi Mama Semeni alikuwa amepaka wanja, amevaa doti mpya ya kanga iliyokuwa sandukuni tangu Idi, amesukwa. Viti sita vilikuwa vimeazimwa kwa jirani, Mama Chausiku, na juu ya kila kiti kulikuwa na kitambaa cha kufuma. Sakafu iling'aa. Jogoo wa pekee alikuwa ameshaingia kwenye pilau, na iliki ilisikika mpaka njia panda.

Gari la maandalizi lilitangulia lile la wageni kwa dakika arobaini. Daktari Makwega akashuka, akafuatwa na Afisa Maandalizi, mtu mwembamba aliyebeba gunia. Mama Semeni akatoka mlangoni na mikono yote miwili mbele.

"Karibuni, karibuni sana. Mimi ndiye mama yake Semeni."

Daktari Makwega alimtazama kuanzia nywele mpaka kucha, kisha akamgeukia Semeni. "Mama yako? Sawa, anayejulikana ni rahisi kumwandaa. Lakini mbele ya wageni isijulikane, huo utakuwa mgongano wa maslahi, na shirika letu lina sera kali sana ya mgongano wa maslahi. Kwa leo hamjuani." Akainua pua. "Na hiyo ni harufu gani?"

"Pilau, baba," alisema Mama Semeni. "Ingieni mnawe."

"Pilau haimo kwenye andiko la mradi."

Mambo yakaenda haraka. Dereva na Afisa Maandalizi waliibeba sufuria kwa Mama Chausiku, wakavibeba na viti. Pazia likashushwa. Wakachoma gunia bovu mlangoni ili moshi uifukuze iliki. Bati lisingeweza kung'olewa kwa muda uliokuwapo, hivyo mpiga picha akaagizwa asipige juu ya usawa wa mlango. Zikaletwa ndoo tatu za udongo, ukamwagwa na kutandazwa juu ya ile sakafu, na mwenye sakafu amesimama anaangalia. Ndipo Afisa Maandalizi akalifungua gunia lake. Ndani mlikuwa na nguo zilizochanika, zote safi, zimefuliwa na kupigwa pasi, kila moja ina namba ya mali ya shirika.

Mama Semeni alimshika mwanawe mkono, wakaenda nyuma ya mlango.

"Semeni, ulikuwa unajua?"

Semeni akatazama vidole vya miguu yake. "Nilikuwa najua, mama."

"Tangu juzi."

"Tangu juzi."

Mama yake akauachia mkono wake. Semeni aliomba asutwe, hata apigwe, maana ingekuwa nafuu. Aliona aibu, akatamani ule udongo wangemmwagia yeye.

"Na nikikataa," aliuliza mama yake, "hiyo kazi wanakupa?"

"Hawanipi."

"Haya." Mama Semeni akaanza kufuta wanja kwa pindo la kanga, jicho moja, kisha la pili. "Waambie niletewe hilo gunia nichague mwenyewe. Nisije nikavaa nguo ya mwenye upele."

*

Mfadhili aliyeongoza wageni aliitwa Bi Lotta, binti wa miaka ishirini na minne kutoka nchi ya baridi, mpole, mwenye begi mgongoni. Hakuwa na ubaya wowote, na hilo halikumsaidia mtu. Mwenyeji wake sasa alikuwa amesimama mlangoni na kanga iliyotoboka begani.

Daktari Makwega alikuwa na utaratibu wake wa salamu. Mnufaika humwamkia kila aliye kwenye msafara, awe na umri wowote, ili picha ionyeshe shukrani. Mimi nilidhani dunia nzima mdogo ndiye humwamkia mkubwa, lakini sikusoma menejimenti. Mama Semeni akaanza upande wa kulia. "Shikamoo," alimwambia Bi Lotta, ambaye aliitikia "jambo" kwa furaha. "Shikamoo," alimwambia Daktari Makwega, na daktari akajibu "Marahaba, mama" bila hata kupepesa. Alipomfikia dereva, dereva alimuwahi, akamwamkia yeye kwanza, kisha akaondoka kwenye mstari akaenda kukaa garini. Wa mwisho alikuwa Semeni.

"Shikamoo," alisema mama yake.

Semeni alisema kitu akiangalia chini. Hata mimi sikukisikia.

Wakaingia ndani. Bi Lotta, kwa unyenyekevu, akaketi chini kwenye udongo, na Mama Semeni akashtuka, akageuka kutafuta kiti cha kumpa mgeni, akakumbuka viti viko wapi. Akabaki amesimama na mikono mitupu. Mazungumzo yakaanza, Semeni akitafsiri.

Bi Lotta aliuliza jina lake. Swali jepesi, lakini kwa mtu aliyeitwa kwa jina la mwanawe miaka ishirini na tisa, lilimpasa arudi mbali. "Asumini," alisema. "Asumini binti Mfaume." Semeni akalitafsiri jina ambalo hakuwahi kumsikia mtu akilitumia, akaona ni kweli kwamba hawajuani.

Wakati huohuo Mama Chausiku akatokea mlangoni, amejitanda vizuri, maana yeye pia alialikwa kupokea wageni. "Mama Semeni," akasema, "mbona viti na pilau vimeletwa kwangu, kuna usalama?"

Daktari Makwega akakohoa kikohozi kirefu. Bi Lotta alisikia jina, akatazama kile kitambulisho shingoni mwa Afisa Ushuhuda, akauliza mwanamke huyu amesema nini. Semeni akakifunika kitambulisho kwa kiganja. Mama yake ndiye aliyemgeukia jirani.

"Umenifananisha, bibi," alisema kwa utulivu. "Mimi si huyo."

Mama Chausiku akaitazama ile kanga, akautazama udongo, akamtazama Semeni na utepe wake. Alikuwa mwanamke mwepesi wa kuelewa. "Kweli nimekosea nyumba," akasema, akarudi kinyumenyume. Semeni alijua kwamba tangu saa ile hataweza kupita mbele ya nyumba ile akainua uso.

"Muulize kama ana watoto," alisema Bi Lotta.

Semeni akauliza. Alitumia lugha nzuri, ya kazini: "Mama, je, umejaliwa watoto?"

Mama yake hakumtazama. "Mungu hakunijalia."

Semeni akatafsiri. Sauti yake haikutetemeka, na hilo lilimtisha kuliko maneno yenyewe. Bi Lotta akaanza kulia, macho yote mawili, bila kelele, angefaulu usaili wowote. Akajifuta, akamtazama mama, akamtazama afisa. "Ajabu," akasema, "mnafanana."

"Wanyonge wetu wote hufanana, mheshimiwa," alidakia Daktari Makwega. "Ni moja ya changamoto zetu."

"Muulize anahitaji nini."

Semeni akauliza.

"Sihitaji kitu," alisema Mama Semeni. "Huyu mtoto ametoka mbali, muulize kama amekula."

Wote wakamngoja mfasiri. Daktari Makwega alikuwa ameshautoa mkataba kwenye mkoba, ameulaza gotini, kalamu imefunguliwa kofia.

"Anasema," alisema Semeni, "anahitaji choo."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na choo cha matofali chenye mlango na komeo, alichokijenga Mama Semeni mwaka ambao mwanawe alikwenda chuo. Mama hakujua lugha ya wageni, lakini alimwona Bi Lotta akiandika kwenye kitabu chake na kutikisa kichwa kwa huzuni, akaridhika kwamba neno limefika.

*

Wageni walikuwa wanaelekea garini, macho yamewaiva, kila kitu kimekwenda sawa, mpiga picha alipowasimamisha.

"Salamu hazikutoka," akasema akikagua kamera yake. "Wote wazuri, ila Afisa ameangalia chini na mdomo haukufunguka. Inaonekana kama hataki."

"Haiwezekani," alisema Daktari Makwega. "Salamu ndizo jalada la ripoti. Rudieni."

Mama Semeni akarudishwa mlangoni. Akatoka tena juani, akatembea hatua saba mpaka mbele ya mwanawe. "Shikamoo."

Semeni akafungua mdomo. Sauti ikakatikia katikati.

"Mara moja tena," alisema mpiga picha. "Afisa, kwa sauti. Na tabasamu kidogo, unamsaidia huyu mtu."

Daktari Makwega aliushika mkataba kwa vidole viwili, akisubiri. Mama Semeni alisogea karibu kana kwamba anaweka sawa ile kanga yake, akanong'ona bila kuinua kichwa. "Itikia, mwanangu. Jua linawachoma wageni."

Kisha akarudi mlangoni kwa mara ya tatu, akageuka, akaja. Safari hii alipofika alikunja goti kidogo, lile goti ambalo wakubwa wote wa Mianzini walikunjiwa na wadogo zao.

"Shikamoo."

Semeni akainua uso, akatabasamu.

"Marahaba," akasema, safi kabisa, kwa sauti iliyofika mpaka kwa Mama Chausiku.